Ukilazwa lopitalo, onyesha dawa zako zote

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wenye kuchunga nyumba, katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, mavumbi na maji ya kunywa. Leo tutoke kidogo mgodini, tuingie ndani ya lopitalo, kwa sababu huko nako kuna hatari ambayo wengi wetu hatuifahamu. Mimi mwenyewe niliifahamu vizuri siku nilipokosea.

Mwanaume mmoja mwenye kazi ya kutoboa mawe aliangukiwa na jiwe, mguu wake wa kuume ukavunjika chini ya goti, na mfupa ukatoka nje. Walimleta usiku. Ni mimi niliyekuwa kwenye zamu, ni mimi niliyeandika fishi yake. Nikamwuliza kama fishi inavyotaka:

– Baba, kuna dawa unazokunywa nyumbani?

– Hapana, munganga. Mimi niko mzima.

Nikaandika: hakuna. Nikapita kwenye swali lingine, kwani damu ilikuwa bado inatoka na munganga mkubwa alikuwa ananawa mikono tayari kwa kumpasua.

Upasuaji ulienda vizuri. Siku ya sita homa ikaanza. Tulipofungua kidonda tukaona usaha wenye rangi ya majani mabichi na harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Labo ikatujibu kwamba ni vidudu vinavyoitwa pseudomonasi. Vidudu hivyo havikutoka mgodini pamoja na yule baba. Alivipata kwetu, lopitalo. Vinapenda mahali penye majimaji: masinki, ndoo, vitambaa vibichi, mikono ya muuguzi aliyetoka kwa mgonjwa mmoja na kwenda kwa mwingine pasipo kunawa.

Jambo hili lina jina: ambukizo la lopitalo. Maana yake ni ugonjwa ambao mtu hakuwa nao alipoingia, ukamshika wakati alipokuwa kitandani, mara nyingi baada ya saa 48. Unaweza kushika kidonda cha upasuaji, au mkojo kupitia sonda, au damu kupitia sindano ya seromu iliyokaa siku nyingi mkononi, au mapafu ya mgonjwa anayepumua kwa mashine. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2022 kwamba katika nchi tajiri, kwa wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 hupata ambukizo moja au zaidi, na katika nchi zetu ni 15. Katika 10 wenye kupata, 1 hufa. Tena wakaandika kwamba sehemu kubwa, hata 70 kwa 100, ingeweza kuzuiliwa kwa usafi, na kwanza kabisa kwa kunawa mikono. Kwa hiyo usione aibu kumwuliza muuguzi: je, umenawa? Akikasirika, kosa ni lake.

Lakini leo sitaki kukaa sana juu ya sabuni. Nataka kuongea juu ya kitu kinachokuja nyuma, wakati ambukizo limekwisha kuingia na tunalipiga kwa antibiotiki.

Vidudu vya lopitalo si kama vile vya nyumbani. Vimeishi katikati ya dawa miaka mingi na vimejifunza. Vingine penisilini haiviwezi kabisa. Kwa hiyo munganga analazimika kuchukua antibiotiki za nguvu, na mara kwa mara mbili pamoja. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa lopitalo hana dawa moja tu. Ana ya maumivu, ana ya damu isigande, ana ya presha, ana seromu. Dawa hizo zote zinakutana ndani ya mwili mmoja. Nyingine zinapita bila kusumbuana. Nyingine zinashikana njiani. Nyingine moja inaipa nyingine nguvu kupita kiasi, au inaifukuza kabla haijafanya kazi.

Turudi kwa yule baba. Munganga mkubwa alimwandikia siprofloksasini ya vidonge, miligramu 750, mara mbili kwa siku, kwani ilikuwa ni karibu dawa peke yake ya kunywa inayoweza kuua pseudomonasi, na labo ilionyesha kwamba vidudu vyake vinaiogopa. Tukangoja. Siku ya tatu, homa palepale. Siku ya tano, usaha palepale. Wakubwa wakaanza kusema maneno ambayo hakuna mtu wa kutoboa mawe anayependa kuyasikia: kama mfupa umeoza, labda mguu utakatwa.

Usiku ule nilipita vitandani na taa. Nikamwona yule baba anaingiza mkono chini ya mto, anatoa kitu, anatafuna. Nikamwendea. Ilikuwa ni pakiti ya vidonge vyeupe vya moto wa tumbo, vile vyenye aluminiamu na manyezi, vinavyouzwa sokoni kila mahali. Bibi yake alikuwa amekaa chini kando ya kitanda.

– Mama, hivi ni nini?

– Ni vya tumbo tu, munganga. Si dawa. Anatafuna kila siku tangu zamani, chakula cha kantini kinamwunguza.

– Na leo ametafuna vingapi?

– Vinne, labda sita. Kila mara anapokunywa ile dawa yenu kali, anatafuna na vile ili tumbo lisiume.

Basi nikakaa kwenye kiti. Aluminiamu, manyezi, chuma, zinki na kalisi ni kama sumaku kwa siprofloksasini. Zikikutana tumboni zinashikana, zinakuwa kitu kimoja kisichoweza kupita kwenye ukuta wa matumbo, na kinatoka pamoja na mavi. Yule baba alikuwa anameza antibiotiki kila asubuhi na kila jioni, lakini katika damu yake karibu hakukuwa na kitu. Vidudu katika mfupa vilikuwa vinasikia harufu yake tu. Na hilo ni baya mara mbili, kwani dawa kidogo isiyoua inafundisha vidudu namna ya kuizoea.

Nilimwandikia munganga mkubwa asubuhi. Sikuficha kwamba ni mimi niliyeandika "hakuna" kwenye fishi. Vidonge vya tumbo vikaondolewa, akapewa omeprazoli, ambayo inapunguza moto wa tumbo lakini haishiki siprofloksasini. Kidonda kikasafishwa tena katika chumba cha upasuaji. Siku ya tatu baada ya hapo homa ikashuka. Mguu ukabaki mahali pake.

Kosa lilikuwa wapi? Si kwa yule baba. Nilimwuliza juu ya "dawa", na yeye alijibu kweli, kwa sababu katika kichwa chake vile havikuwa dawa. Hapa kwetu wengi tunaita kila kidonge "kinini". Mtu akikuambia amekunywa kinini, hujui kama ni kinini chenyewe cha malaria, ama cha kichwa, ama cha minyoo. Tangu usiku ule mimi siulizi tena "unakunywa dawa gani". Nauliza: tangu wiki mbili umeingiza nini mdomoni ambacho si chakula? Umepigwa sindano wapi? Umepakwa nini? Umekunywa majani gani? Kwenye kikapu cha mama kuna nini? Watu wanacheka, lakini wanajibu.

Majani nayo ni dawa. Sisemi ni mabaya. Baba yangu alituponya kwa mizizi, na mimi ninayo heshima kwa wazee wenye kujua. Lakini mizizi inapita kwenye maini na figo zile zile ambazo antibiotiki zinapitia, na sisi hatujui ndani mna nini na kwa kipimo gani. Mtu aliyekunywa mizizi ya kusafisha tumbo, akaharisha siku mbili, akaingia lopitalo bila maji mwilini, huyo tukimpiga jentamisini pasipo kujua tunaziumiza figo zake.

Na hapa nifike kwenye jambo linalotugusa sisi watu wa mgodi kuliko wengine, nalo ni masikio.

Jentamisini, na ndugu zake streptomisini, kanamisini na amikasini, ni sindano nzuri sana dhidi ya vidudu vya lopitalo. Zimeokoa watu wengi na bado zinaokoa. Lakini zinaweza kuharibu figo, na zinaweza kuua nyuzi ndogo ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti. Figo mara nyingi zinapona dawa ikisimamishwa mapema. Nyuzi za sikio haziponi. Zikifa zimekufa. Tena zinaanza kufa zile za sauti nyembamba, na hizo ndizo mashine zetu zinazoanza nazo. Mashine ya kutoboa mawe inapita desibeli 100, na sikio linaanza kuumizwa na kelele ya desibeli 85 ikiendelea siku nzima. Kwa hiyo mtu wa miaka 20 mgodini anaweza kuingia lopitalo akiwa amekwisha kupoteza nusu ya mali, na sindano ikamalizia iliyobaki.

Hatari inaongezeka wakati jentamisini inapokutana na dawa nyingine. Furosemidi, ile ya kukojoza watu wa presha na wa moyo, nayo inaweza kuumiza sikio, na zikiwa mbili pamoja ni mbaya zaidi. Vankomisini, antibiotiki ya stafilokoki ngumu, ikitiwa pamoja na jentamisini inazilemea figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zinakaza mishipa ya figo. Sasa fikiri: mtu amevunjika mfupa, anapewa diklofenaki ya maumivu, ni mtu wa presha mwenye furosemidi, halafu kidonda kinaoza na tunaanza jentamisini. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sumu. Pamoja zinaweza kumtoa lopitalo akiwa kiziwi au mwenye figo zilizochoka. Munganga akijua yote, anachagua nyingine, au anapunguza siku, au anapima figo kila mara na kuangalia mkojo. Asipojua, anapiga tu.

Kwa hiyo ukilazwa, sema: mimi ninafanya kazi ya kelele. Sema kama masikio yanalia. Sema kama kwenu upande wa mama kuna watu waliokuwa viziwi baada ya sindano, kwa sababu kuna jamaa zinazorithi udhaifu huo kupitia mama, na kwao sindano chache tu zinatosha kuharibu. Na kama katikati ya matibabu masikio yanaanza kupiga filimbi, au dunia inazunguka ukisimama, usingoje mpaka siku ya kutoka. Ita muuguzi siku ile ile.

Wenye kuugua kifua cha TB wanajua hadithi hii. Zamani wale wa TB sugu walipigwa sindano za kanamisini miezi mingi, na wengi walitoka wamepona kifua lakini hawasikii watoto wao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanamisini kati ya dawa zinazoshauriwa kwa TB sugu.

Na tukiisha kutaja TB, kuna rifampisini, kile kidonge kinachogeuza mkojo kuwa mwekundu kama mafuta ya ngazi. Sisi wa mavumbi ya mawe tunaishika TB upesi kuliko wengine, kwani mavumbi yanachosha mapafu, basi wengi kati yenu mtaijua. Rifampisini inafanya maini yafanye kazi mbio mno. Maini yanazitupa nje dawa nyingine kabla ya wakati wake. Vidonge vya kuzuia mimba vinapoteza nguvu: mama mwenye kunywa rifampisini na anayetumainia vidonge hivyo anaweza kushika mimba, inafaa atafute njia nyingine. Kinini cha malaria kinapungua katika damu. Dawa ya kuzuia damu isigande inapungua. Dolutegravire, ya virusi vya ukimwi, inapungua pia, ndiyo maana wenye dawa zote mbili wanapewa ile ya miligramu 50 mara mbili kwa siku pahali pa mara moja. Na maini hayarudi kwenye mwendo wake siku ile ile unapoacha rifampisini, yanachukua wiki mbili hivi. Basi hata kama ulimaliza TB wiki iliyopita tu, sema.

Sasa nikuambieni juu ya mzee mmoja wa pensheni. Alipasuliwa kwa sababu mkojo haukuwa unatoka, akawekewa sonda. Siku chache, mkojo ukawa mchafu, homa ikaja. Akapewa kotrimoksazoli, ile watu wanayoiita Bactrim. Jioni alikuwa anaongea na wajukuu. Usiku kati, jirani yake wa kitanda akatuita: mzee amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyo na kichwa. Mwenzangu mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema homa ya mkojo imepanda kichwani. Tukapima sukari katika damu: ilikuwa chini kabisa. Tukamtia glukozi kwenye mshipa, na kabla sindano haijaisha mzee akafungua macho, akauliza nani amemwagia maji.

Sababu tuliipata asubuhi. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kijana wake alikuwa anamletea glibenklamidi kwa siri kutoka nyumbani kila jioni, ndani ya leso, akiogopa kwamba sisi tungeisimamisha. Glibenklamidi inashusha sukari. Kotrimoksazoli inaiongezea nguvu. Siprofloksasini nayo inaweza kufanya vivyo hivyo. Na mzee mwenye homa hali vizuri, bukari inarudi nyumbani kama ilivyokuja. Mambo matatu yalikutana usiku mmoja. Tulimchunga siku nzima, kwani glibenklamidi inakaa muda mrefu mwilini na sukari inaweza kuanguka tena baada ya kupandishwa.

Yule kijana alimpenda baba yake, hilo halina shaka. Kama angetuonyesha ile leso, tungempimia mzee sukari asubuhi na jioni na kuamua pamoja. Tena kotrimoksazoli ina jambo lingine kwa watu wa presha: ikikutana na enalaprili, kaptoprili au spironolaktoni, chumvi inayoitwa potasiamu inapanda katika damu, hasa kwa wazee na kwa wenye figo zilizochoka, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama pasipo kupiga hodi.

Kuna neno moja ambalo jamaa za wagonjwa wanatuambia karibu kila siku: "Munganga, tia dawa zote katika seromu moja, ziishe upesi, huyu amechoka na sindano." Ninaelewa. Lakini chupa ya seromu si sufuria ya sombe. Penisilini na jentamisini zikikaa katika chupa moja, penisilini inaivunja jentamisini. Zinasaidiana vizuri sana ndani ya mwili, lakini kila moja inatakiwa kuingia kwa wakati wake. Seftriaksoni ikikutana na seromu yenye kalisi, kama Ringer, inaweza kuganda na kufanya chembe nyeupe. Kwa watoto wachanga jambo hilo limeua: chembe zilikutwa katika mapafu na figo, na mwaka 2007 wakubwa wa dawa wa Marekani walitoa onyo kwa waganga wote. Baadaye, mwaka 2009, walieleza kwamba kwa watu wakubwa dawa hizo mbili zinaweza kufuatana, ila mpira uoshwe vizuri katikati, lakini kwa mtoto mchanga mwenye kupewa kalisi seftriaksoni isitiwe. Ukimwona muuguzi anasukuma maji safi kwenye mpira kabla ya kubadilisha dawa, usidhani anapoteza wakati. Na ukiona seromu imegeuka kama maziwa ya unga, funga ile gurudumu ndogo na upige kelele.

Juu ya pombe ninaulizwa mara nyingi, hasa na vijana. Metronidazoli, ambayo tunaitumia baada ya upasuaji wa tumbo, inakatazwa kuchanganywa na pombe, na karatasi ya dawa inaomba kungoja siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Siku hizi wachunguzi wengine wanasema hatari ile ya kutapika na moyo kupiga mbio si kubwa kama vitabu vya zamani vilivyosema. Mimi nawaacha wabishane. Lakini nimeona watu wanaoletewa lutuku katika chupa ya limonadi hapo kitandani, na mtu aliyelewa hajui amemeza dawa au hakumeza, na kidonda chake hakioni aibu kuoza. Munkoyo iliyokwisha kuchachuka ni pombe pia, mama zangu, hata kama mmeipika ninyi wenyewe.

Nimefika kwenye neno gumu. Wengi hawasemi dawa zao si kwa kusahau, lakini kwa kuogopa. Mtu ana kifafa, anakunywa karbamazepini kwa siri, na ni mtu wa kuendesha mashine. Anajiambia: nikisema, kapita atajua, nitatolewa kazini. Mwingine yuko na virusi na hajamwambia hata ndugu yake. Halafu tunampa yule wa kwanza eritromisini kwa ambukizo la mapafu, na eritromisini inazuia maini yasiitupe karbamazepini, inajaa katika damu, mtu anaona vitu viwili viwili na kuanguka akienda chooni. Au tunampa mwenye kifafa anayekunywa valproati antibiotiki ya mwisho mwisho inayoitwa meropenemu, na valproati inashuka katika siku moja au mbili, kifafa kinarudi kwa nguvu.

Nawaambia wazi: yale unayomwambia munganga ni siri ya kazi yake. Fishi ya mgonjwa si karatasi ya kapita. Kama mtu ana kifafa na anaendesha mashine, inapasa aongee na munganga wa kazi, kwa ajili yake na ya wenzake, lakini hiyo ni njia yake peke yake, na haipiti kwenye kitanda cha lopitalo. Na sisi waganga tuna kosa letu hapa. Tunapita asubuhi, tuko watano au sita, tunauliza kwa sauti kubwa mbele ya vitanda 20: "Wewe, unakunywa dawa gani?" Nani atajibu? Ukiwa na jambo la kusema pembeni, sema hivi tu: munganga, nitakuona peke yako. Inatosha. Akikataa, mtafute mwingine wa zamu ya jioni, wakati wageni wamekwisha kwenda.

Kuna na hili: vidonge vya antibiotiki vya sokoni. Mtu ana kidonda, ananunua amoksisilini mbili kwa duka la pembeni, nyekundu na nyeusi, anafungua moja na kumwagia unga kwenye kidonda, nyingine anameza. Kisha anakuja. Sisi tunachukua usaha, tunapeleka labo, na labo haioti kitu, kwani vidudu vimepigwa nusu. Tunabaki kama mtu anayetafuta njia gizani. Hatutakugombeza, au tukikugombeza itakuwa kidogo. Tuambie tu ulikunywa nini, lini, na kiasi gani.

Basi nyumbani fanyeni hivi. Kamateni mfuko mmoja wa kitambaa. Tieni ndani dawa zote za baba, na pakiti zake, hata zilizokwisha, na chupa za majani, na buku la kliniki. Mfuko utundikwe mahali ambapo hata mtoto anapajua, kwa sababu ajali ya kazi haimpi mtu muda wa kwenda kutafuta, na mtu aliyezimia haelezi kitu. Siku akilazwa, mfuko ufuate. Lakini ukifika, mpe muuguzi, usiuweke chini ya mto. Na msiache wenyewe dawa za presha, za sukari au za virusi kwa kudhani kwamba antibiotiki imechukua nafasi yake.

Na siku ya kutoka, msiondoke pasipo kuuliza saa. Yule baba wa mguu alipotoka alikuwa bado na siprofloksasini ya wiki kadhaa, na pia vidonge vya chuma, kwani alipoteza damu nyingi. Hivyo viwili havipatani, kama tulivyoona: siprofloksasini inatakiwa kumezwa saa mbili kabla ya chuma, au saa sita baada yake. Bibi yake hakujua kusoma sana, basi tulichora pamoja kwenye kipande cha katoni. Jua linalotoka, na sirena ya asubuhi: kidonge kikubwa cheupe na maji. Jua katikati ya kichwa: kidonge chekundu cha chuma. Jua linalozama: kidonge kikubwa cheupe tena. Kikombe cha maziwa tulikichora kando ya kile chekundu, ili asimpe maziwa pamoja na cheupe, kwani maziwa yana kalisi. Katoni ile aliipigilia msumari juu ya mbabula, na aliporudi kwa kupimwa mfupa aliileta, imeshika moshi mpaka jua la mchana halionekani vizuri. Tukachora nyingine.